Hugo van Lawick: Kamera Iliyoshirikiana na Kalamu

Hugo van Lawick alifariki dunia mjini Dar es Salaam tarehe 2 Juni 2002, akiwa na umri wa miaka 65. Alizikwa Ndutu, kusini mwa nyanda za Serengeti, mahali alipokuwa ameishi kwenye mahema kwa zaidi ya miaka 30 akipiga picha za simba, duma, bweha na mbwa mwitu. Anapokumbukwa, hutajwa zaidi kwa mambo mawili: filamu zilizompatia tuzo nane za Emmy, na ndoa yake na Jane Goodall, mtafiti wa sokwe wa Gombe. Yote mawili ni kweli, lakini yanamweka pembeni mwa historia aliyoshiriki kuijenga. La kwanza linamfanya mtu wa burudani ya televisheni. La pili linamfanya mume wa mtu mashuhuri. Anayevifungua vitabu alivyovitoa pamoja na wenzake kati ya mwaka 1967 na 1984 anakutana na mtu mwingine: mshiriki kamili katika kazi ya kutafuta ujuzi, ambaye picha zake zilibeba sehemu ya hoja ambayo maneno peke yake yasingeibeba. Kwa sababu hiyo van Lawick anastahili kukumbukwa kama mwandishi mwenza wa historia ya wanyamapori wa Afrika Mashariki. Kumwita mpambaji wa vitabu vya watu wengine ni kumpunja, na ni kuielewa vibaya kazi ya picha.

Alizaliwa Surabaya tarehe 10 Aprili 1937, wakati visiwa ambavyo leo ni Indonesia vilipokuwa koloni la Uholanzi. Baba yake alifariki yeye akiwa angali mtoto, na utoto wake ukapita katika kuhamahama kati ya Australia, Uingereza na Uholanzi. Mwaka 1959 alifika Kenya kufanya kazi kwa Armand na Michaela Denis, mume na mke waliokuwa wakitengeneza vipindi vya wanyama kwa ajili ya televisheni. Hapo ndipo alipofahamiana na Louis Leakey, mtafiti wa chimbuko la binadamu aliyekuwa akichimba Olduvai. Leakey alikuwa na shida moja mahususi. Mwaka 1960 alikuwa amempeleka Jane Goodall katika msitu wa Gombe, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika karibu na Kigoma, na taarifa zilizotoka huko zilikuwa nzito kuliko ushahidi wake. Shirika la National Geographic, lililokuwa likigharimia utafiti, lilitaka picha. Goodall alihofia kwamba mgeni angewatisha sokwe waliokuwa wameanza kumzoea baada ya miezi mingi ya subira. Mwaka 1961 alikuja kwanza dada yake, Judy, kujaribu kupiga picha. Mwaka 1962, kwa pendekezo la Leakey, akatumwa van Lawick.

Uzito wa taarifa hizo unaeleza kwa nini picha zilihitajika. Mwishoni mwa mwaka 1960 Goodall alikuwa amemwona sokwe dume, aliyempa jina la David Greybeard, akitumia bua la nyasi kuvua mchwa kwenye kichuguu. Wakati huo wanazuoni wengi waliamini kwamba kutengeneza zana ndiko kunakomtofautisha binadamu na viumbe wengine wote. Aliyetoa habari hiyo alikuwa msichana asiye na shahada, aliyeyaona hayo akiwa peke yake msituni. Sasa tazama kitendo chenyewe kwa karibu. Sokwe huchuma kijiti chenye majani, akayapukuchua majani yale kwa vidole na midomo, akaikata ncha iliyopinda, kisha akakiingiza kijiti ndani ya tundu alilolifungua kwa kidole. Husubiri kidogo, akakivuta polepole ili mchwa walioking'ata wasidondoke, akawaokota kwa midomo. Uzito wote wa hoja umo katika hatua moja ndogo, ile ya kupukuchua majani, kwa kuwa hapo ndipo kijiti kinapogeuka kuwa zana iliyotengenezwa. Mwandishi anaweza kuisimulia hatua hiyo kwa sentensi moja, na msomaji mwenye shaka akaipita vilevile kwa sentensi moja. Mfululizo wa picha unamzuia. Unamwonyesha vidole, jani linalong'oka na kijiti kilichobaki kitupu, na kumtaka aseme ni wapi anapobisha.

Kitabu cha Goodall kiitwacho In the Shadow of Man, kilichotoka mwaka 1971 kikiwa na picha za van Lawick, kilikwenda mbali zaidi ya jambo la zana. Goodall alilaumiwa na baadhi ya wanazuoni kwa kuwapa sokwe majina badala ya namba. Walisema majina yanamfanya mtafiti aone utu mahali ambapo haupo. Maandishi yake yalijibu kwa visa vya Flo, mama mwenye pua iliyovimba na masikio yaliyochanika, na mwanawe Flint. Ila visa ni maneno ya yule yule anayelaumiwa. Picha zilitoa ushahidi uliosimama nje ya maneno yake: nyuso zisizofanana, namna tofauti za kukaa, za kubeba watoto na za kunyoosha mkono kuomba chakula. Anayezitazama anaweza kumtofautisha Flo na majike wengine bila kusoma hata mstari mmoja. Kwa hiyo dai kwamba kila sokwe ni nafsi yenye tabia zake lilisimama kwa miguu miwili, na mmoja kati ya miguu hiyo ulikuwa wa mpiga picha.

Hapa ndipo pingamizi la kwanza linapoingia, nalo si dogo. Picha nyingi za karibu za Gombe zilipatikana kwa msaada wa ndizi. Baada ya David Greybeard kuanza kuja kambini kuchukua ndizi, watafiti waliwawekea sokwe chakula kwa makusudi, na kuwepo kwa mpiga picha kuliongeza sababu ya kufanya hivyo. Wakosoaji wamesema kwamba ulishaji huo uliwakusanya sokwe wengi mahali pamoja, ukazidisha ugomvi, na kwamba kilichopigwa picha kilikuwa maisha yaliyovurugwa na binadamu. Sehemu ya lawama hiyo ni ya haki, na Goodall mwenyewe aliyaandika matatizo ya ulishaji, ambao ulipunguzwa sana kuelekea mwisho wa miaka ya 1960. Hata hivyo lawama hiyo haifiki kila mahali. Ndizi zinaweza kueleza kwa nini madume wanapigana kambini. Haziwezi kueleza kwa nini sokwe anapukuchua kijiti mbele ya kichuguu. Tangu wakati huo matumizi ya zana yameonekana katika misitu mingine ya Afrika, hata kwa sokwe ambao hawakuwahi kulishwa na mtu. Na kuna jambo jingine la kupimwa. Kwa kuwa picha zipo, mkosoaji anaweza kuona ni kipi kilitokea kambini na kipi kilitokea msituni. Ushahidi unaoruhusu watu kuukosoa ni bora kuliko masimulizi yasiyo na pa kushikwa.

Mfano ulio wazi kuliko yote wa ushirika huu haukutoka Gombe, ulitoka Serengeti, wala hauhusu sokwe. Van Lawick na Goodall waliwakuta tumbusi wamekizunguka kiota cha mbuni kilichoachwa baada ya moto wa nyika. Tumbusi wakubwa wenye nguvu walijaribu kuyavunja mayai wakashindwa, maana ganda la yai la mbuni ni gumu na limeviringana, halina pa kushika. Kisha wakaja tumbusi wa Misri, ndege wadogo weupe wenye uso wa manjano. Ndege huyo huokota jiwe kwa mdomo, akajiinua kwa kunyoosha shingo, akalitupa jiwe kwa nguvu juu ya yai, na kurudia mpaka ganda lipasuke. Wasafiri wa karne ya 19 walikuwa wamewahi kusimulia habari za namna hiyo kutoka kusini mwa Afrika, lakini zilibaki kuwa masimulizi. Mwaka 1966 jarida la Nature lilichapisha taarifa fupi ya jambo hili ikiwa na majina mawili ya waandishi, Jane van Lawick-Goodall na Hugo van Lawick. Katika jarida la sayansi jina halitolewi kwa hisani. Mpiga picha alihesabiwa kuwa mwandishi kwa sababu kilichotofautisha taarifa hiyo na simulizi za karne iliyotangulia ni kwamba sasa tukio lilikuwa limetazamwa kwa utaratibu na kuthibitishwa kwa picha.

Kutoka hapo, hatua ya kuandika kitabu kizima pamoja ilikuwa fupi. Innocent Killers, kilichochapishwa London mwaka 1970, kinahusu wanyama watatu wasiopendwa: mbwa mwitu, bweha wa dhahabu na fisi. Safari hii van Lawick hakuishia kwenye picha. Aliandika sehemu za mbwa mwitu na bweha, na Goodall akaandika sehemu ya fisi wa Ngorongoro. Wakati ule mbwa mwitu walikuwa wakipigwa risasi katika maeneo mengi ya Afrika, hata na wahifadhi wenyewe, kwa imani kwamba ni wauaji wakatili wanaowasumbua wanyama wengine bure. Fisi naye alichukuliwa kuwa mwoga anayengoja mabaki ya simba, na hadithi zetu za kale hazikumtendea wema zaidi. Humo fisi ni mlafi na mjinga. Kitabu kilijibu kwa kuwafuata wanyama hao usiku na mchana, mmoja mmoja. Kila mbwa mwitu ana mabaka yasiyofanana na ya mwenzake, na kwa hiyo picha ndiyo inayomwezesha mtafiti kujua kwamba aliyewatapikia watoto nyama leo ndiye aliyeongoza mawindo jana. Bila kumtambua mnyama mmoja mmoja, kundi hubaki kuwa kundi tu, na ukarimu wao wa kulisha watoto, wagonjwa na wazee hauonekani. Kwa upande wa fisi, kazi ya Goodall ilikwenda sambamba na utafiti wa Hans Kruuk, ulioonyesha kwamba fisi wa Ngorongoro wanajiwindia wenyewe, na kwamba mara nyingi simba ndiye anayekuja kunyang'anya.

Historia iliyofuata imekiongezea kitabu hicho thamani ambayo waandishi wake hawakuitaka. Kufikia mwaka 1991 makundi ya mbwa mwitu yaliyokuwa yakichunguzwa katika nyanda za Serengeti yalikuwa yametoweka, na tangu mwaka 2012 Tanzania imekuwa ikifanya kazi ya kuwarudisha. Picha na maelezo ya Innocent Killers, pamoja na kitabu cha Solo ambacho van Lawick alikitoa mwaka 1973 kuhusu mtoto mmoja wa mbwa mwitu, vimekuwa kumbukumbu za jamii ambayo haikuwepo tena kwa miaka zaidi ya 20. Kumbukumbu hiyo isingefaa sana kama ingekuwa picha tupu. Picha ya mbwa mwitu anayekimbia ni nzuri kwa yeyote. Inageuka kuwa historia pale maandishi yanapoeleza huyo ni nani, wa kundi gani, na anamkimbilia nani. Upande wa pili nao ni hivyo hivyo, kwa kuwa maandishi yasiyo na picha yangetutaka tuamini tu.

Ushirika wa aina nyingine kabisa ulitokea mwaka 1979, van Lawick alipokwenda Selous pamoja na mwandishi Mmarekani Peter Matthiessen. Walikuwa pamoja na Brian Nicholson, aliyewahi kuwa mhifadhi mkuu wa pori hilo la akiba lenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 50,000. Kitabu kilichozaliwa, Sand Rivers, kilitoka mwaka 1981. Hapakuwa na dai la kisayansi la kuthibitisha, na Matthiessen hakuwa mtu wa kuandika maelezo chini ya picha. Kalamu yake ilifuata mwendo wa safari, mabishano kuhusu hatima ya uhifadhi, uchungu wa mhifadhi aliyeona kazi yake ya maisha ikitelekezwa, na heshima kwa Waafrika waliotembea naye porini, hasa mzee Goa aliyekuwa mfuatiliaji nyayo. Kamera ilikuwa na kazi yake: kuionyesha nchi yenyewe, mito yake ya mchanga na wanyama wake. Ndani ya kitabu kimoja, mmoja aliuliza Selous itakuwaje, na mwenzake akaandika kwa mwanga jinsi ilivyokuwa mwaka ule. Swali hilo halikukaa muda mrefu bila jibu. Mwaka 1976 sensa ilikuwa imehesabu zaidi ya tembo 100,000 katika eneo la Selous. Mwaka 2013 walibaki takriban 13,000. UNESCO ililiingiza pori hilo katika Urithi wa Dunia mwaka 1982 na katika orodha ya maeneo yaliyo hatarini mwaka 2014. Mwaka 2019 sehemu yake kubwa ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na katika Mto Rufiji limejengwa bwawa la umeme wa megawati 2,115. Anayetaka kujadili mabadiliko hayo kwa haki, akiyaunga mkono au akiyapinga, anahitaji kujua nchi ilikuwaje kabla.

Pingamizi la pili ni zito kuliko la ndizi. Linasema kwamba vitabu hivi ni macho ya wageni, vimeandikwa kwa Kiingereza, na kwamba picha zake zinaonyesha Afrika isiyo na Waafrika. Mwaka 1984 van Lawick alitoa kitabu na Elspeth Huxley, mwandishi aliyekulia katika mashamba ya walowezi nchini Kenya, na jina lake, Last Days in Eden, lilibeba fikra kwamba hapa palikuwa bustani ya mwanzo wa dunia ambayo sasa inakaribia mwisho. Bustani hiyo haikuwa tupu. Wamasai walihamishwa Serengeti mwaka 1959, miaka mitatu tu kabla van Lawick hajafika Gombe. Wangindo waliondolewa katika maeneo makubwa ya Selous miaka ya 1940, serikali ya kikoloni ikitaja ugonjwa wa malale. Picha ya nyika inayomeremeta bila boma wala moshi wa jiko ni ya kweli kwa kile inachokionyesha, na inanyamaza juu ya sababu ya ukimya ule. Mtetezi wa van Lawick akilikana hilo atakuwa anadanganya.

Lakini pingamizi hilo, likifuatwa mpaka mwisho, linaiimarisha hoja ya ushirika. Kila picha ina kingo, na kilichoachwa nje ya kingo hakiwezi kujitetea. Kalamu ndiyo inayoweza kukirudisha, kama Matthiessen alivyomrudisha Goa na wapagazi katika kitabu ambacho ndani yake kamera ilishughulika na nchi. Pale ambapo mwandishi alikuwa na macho mapana, kitabu kizima kilipanuka; pale ambapo mwandishi alikuja na huzuni ya ulimwengu wa walowezi, picha zile zile ziliegemea upande huo. Dosari basi haitibiwi kwa kuzitupa picha. Inatibiwa kwa kuzipa mshirika mwingine. Na mshirika huyo yupo, tena kwa Kiswahili. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 Gombe iliajiri Watanzania kuwafuata sokwe na kuandika mienendo yao, miongoni mwao Hilali Matama, Eslom Mpongo na Yahaya Almasi. Mwezi Mei 1975, baada ya wanafunzi wanne kutekwa nyara na waasi waliotoka ng'ambo ya ziwa, watafiti wageni waliondoka, na ni Watanzania hao walioendeleza utafiti usikatike. Maelezo yao ya kila siku waliyaandika kwa Kiswahili. Sokwe wa ukoo wa Flo, ambao nyuso zao tunazijua kwa kamera ya van Lawick, maisha yao ya baadaye tunayajua kwa kalamu za watu wa Kigoma.

Limebaki pingamizi la tatu: kwamba kazi kubwa ya van Lawick ni filamu, na vitabu ni masalia yake. Ni kweli filamu zilifikia watu wengi zaidi. Ila filamu hupita katika mikono mingi kabla ya kumfikia mtazamaji. Ile ya kwanza kuhusu Goodall, iliyoonyeshwa Marekani mwaka 1965, ilisimuliwa na Orson Welles, mwigizaji ambaye hakuwa sehemu ya utafiti ule. Zaidi ya saa 100 za mikanda aliyoipiga van Lawick zilikaa zimesahaulika kwa miongo mingi hadi zilipopatikana mwaka 2014, na mwaka 2017 Brett Morgen akazitengenezea filamu ya Jane, miaka 15 baada ya mpiga picha kufariki. Filamu hiyo ni nzuri, lakini mpangilio wake ni wa Morgen. Katika Innocent Killers waandishi wawili waliyaweka majina yao kwenye jalada moja na kuwajibika kwa kila ukurasa. Msomaji anaweza kurudi kwenye picha, akalinganisha na maelezo, akaona kama vinapatana. Nafasi hiyo ya kukagua ndiyo inayokifanya kitabu kuwa hoja, na ndani yake tunamwona van Lawick akiwa mtu wa fikra na si mwenye lenzi tu.

Leo washirika wakuu wa vitabu hivyo wote wametangulia mbele ya haki: Huxley mwaka 1997, Matthiessen mwaka 2014, na Goodall tarehe 1 Oktoba 2025. Kazi yao inaweza kuendelezwa na wengine, na hatua inayofuata inajulikana. Picha za Gombe, Serengeti na Selous zinastahili kuchapishwa pamoja na maandishi ya Kiswahili ya waliofuata sokwe kila siku, na pamoja na simulizi za Wamasai na Wangindo kuhusu nchi ambazo picha zile zinazionyesha zikiwa tupu. Kitabu cha namna hiyo kingezipima picha za van Lawick kwa ukali kuliko sifa zote alizopewa, na kingempa nafasi yake halisi katika historia: mtu aliyeelewa kwamba picha inahitaji kujibiwa na maneno ya mtu mwingine, na aliyekubali jina lake lisimame kando ya la mwenzake juu ya jalada moja.